Mlima Uliopigwa Ufagio

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeingia rasmi. Nasema rasmi kwa sababu mabuti yote yamerudi yamelowa hadi ndani, na nyumba nzima inanuka miguu ya watu nisiowajua. Nimeyajaza magazeti na kuyapanga kuzunguka jiko. Mume wangu alipoingia kutoka kwenye cherehani yake alifunua sufuria, akayaangalia mabuti, akauliza kama leo tunakula mchuzi wa soli. Nimemwambia mabuti hayo ndiyo yaliyonunua hiyo cherehani, ayasalimie kwanza.

Wageni wa leo walikuwa wachache na wabishi. Mmoja miguu yake ilizidi buti langu kubwa kuliko yote, akataka nimpunguzie bei ya kukodi kwa kuwa vidole vyake vimepanda mlima vimejikunja. Nimempunguzia. Nina ulimi mkali na roho laini, ndiyo maana sitajiriki.

Jumatano, 6 Machi

Mlima umefungwa.

Asubuhi nimekuta kamba ya manila imefungwa kutoka mti hadi mti pale tunapoanzia kupanda, na nyuma yake amesimama binti mwenye sare ya misitu iliyomzidi mabegani. Ndiye afisa mpya. Yule mzee wa zamani alikuwa akija mara moja kwa msimu, anakunywa chai kwangu, anasifu hewa, anaondoka. Huyu, kabla chai ya asubuhi haijapoa, mtaa ulikuwa umeshampa jina: Bi Kamba.

Ametukusanya wote, waongoza wageni na sisi tunaoishi kwa wageni hao, akatupandisha hadi kwenye Mkato. Mkato ni kazi ya Shemeji, mdogo wa mume wangu na mwenyekiti wa waongozaji. Njia ya zamani inauzunguka mlima taratibu na kula siku nzima. Shemeji alishika panga akapasua njia moja kwa moja hadi Shingo, pale karibu na kilele, na tangu hapo mwongozaji anaweza kupandisha kundi asubuhi na jingine mchana. Tulimshangilia sana. Sasa leo nimesimama ndani ya Mkato na ukingo wake umenifika kiunoni. Mvua na miguu vimekula udongo kidogo kidogo, nasi tukiwa tunapita hapo kila siku tukipiga soga.

"Hii siyo njia tena," alisema Bi Kamba. "Huu ni mfereji, na maji yake yanaelekea kwenu."

Kisha akatusomea sheria kwa sauti ya mtu aliyeirudia kwenye kioo. Mlima ni ardhi ya umma, kila mtu ana haki ya kuufurahia, lakini si kuumaliza. Umefungwa hadi mvua zitakapokatika. Mwanzoni mwa Juni atakuja Mkaguzi kutoka makao makuu. Akikuta Mkato umezibwa na udongo umetulia, kikundi cha waongozaji kitapewa kibali na mlima utafunguliwa kiangazi chote. Asipokuta hivyo, utabaki umefungwa mpaka upone wenyewe.

"Na unapona kwa muda gani?" nimeuliza.

"Mlima hausomi kalenda, mama."

Shemeji akacheka kwa nguvu. "Dada, kabla hujazaliwa mimi nilishafika kileleni."

"Basi kesho njoo na jembe, kaka, unionyeshe njia."

Watu wamecheka, na safari hii si kwa upande wa Shemeji. Mimi sikucheka. Wageni wetu huja kiangazi, na cha kiangazi ndicho tunachokula masika. Kiangazi kikipita mlima umefungwa, nitauza mabuti haya moja moja hadi rafu ibaki mbao. Sitaki. Nimeyaanza na jozi mbili za kuokota, nikayafikisha hapa kwa mikono yangu. Kesho naenda na jembe.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji hakuja. Amesema sheria hutungwa na watu wenye mshahara. Tulikuwa mimi, Bi Kamba na waongozaji watatu, mmoja wao akiwa amekuja kuchungulia tu.

Jumatatu, 11 Machi

Mgongo wangu umegundua kwamba kukodisha viatu si kazi ya mikono. Tunapanga mawe kukatisha Mkato, mstari juu ya mstari, ili maji yakishuka yagonge, yapumzike, yaache udongo. Bi Kamba anabeba jiwe sawa na wanaume, halafu anajificha nyuma ya mti kupuliza viganja. Nimemuona. Nimempa glavu za mume wangu za kukatia turubai, naye amezipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo haniiti mama tu, ananiita Mama Viatu kama wengine.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mstari mmoja wa mawe umeshuka. Kesho tunaupandisha.

Jumatatu, 18 Machi

Leo tulikuwa kwenye njia ya zamani tukizibua mitaro iliyojaa majani. Nilikuwa nimesahau ilivyo nzuri. Udongo ni mweusi, kivuli kimejaa, na kuna mahali chemchemi inatokea chini ya mwamba, na unasikia maji kabla hujayaona. Wakati wa kupumzika Bi Kamba aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, wageni wa zamani walikuwa wakifanya nini wakishuka.

Nimeanza kumjibu, nikasita mdomo ukiwa wazi. Walikuwa wakishuka jua linazama, wamechoka, wana njaa. Walikuwa wanalala. Kulikuwa na nyumba mbili za wageni mtaani, mama mkwe alikuwa akipika kwenye masufuria ya shughuli, na mume wangu alikuwa akishona mikoba iliyochanika hadi saa za kulala. Tangu uje Mkato wanapanda asubuhi, mchana wako ndani ya gari, wanatuachia maganda ya ndizi. Wamekuwa wengi zaidi na sisi tumepata kidogo zaidi, na miaka yote hiyo tulidhani tatizo ni bahati.

"Haraka haraka," nikasema.

"Mimi sijasema kitu," akajibu Bi Kamba, akaendelea kula yai lake.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mume wangu amepata kazi ya kushona sare za shule. Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, 5 Aprili

Waongozaji sasa wanakuja karibu wote, isipokuwa Shemeji. Nimekutana naye dukani, nikamwamkia, akaniambia nimekuwa karani wa Bi Kamba. Nikamwambia na yeye amekuwa mwenyekiti wa kiti. Muuza duka alicheka hadi akakosea chenji. Shemeji aliondoka bila kununua alichofuata. Nilirudi nyumbani nikijipongeza kwa jibu langu.

Tumeshaanza kupanda nyasi kati ya mistari ya mawe, na kuchomeka vijiti vibichi vishike mizizi.

Jumamosi, 13 Aprili



Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nimeingia stoo kupindua mabuti, nikakuta rafu ya katikati tupu. Nikaenda kwa mume wangu. Alikuwa ameinamia cherehani kuliko kawaida.

"Mabuti umempa nani?"

"Ndugu yangu kaomba. Kuna vijana wametoka mbali, wanataka kilele, wanalipa mara mbili. Sasa ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana. Ni neno fupi."

Nimetoka mbio na gauni la ndani ya nyumba. Nikapita kwa Bi Kamba nikagonga dirisha, sikusubiri. Mlimani nimeusikia udongo kabla sijaona kitu, sauti kama gunia la mchele linamwagwa polepole. Nilipofika Mkato, mistari yetu mitatu ya juu haikuwepo. Vijana watano walikuwa wamekumbatia mti mmoja ukingoni, wanalia. Wa sita, msichana, alikuwa ndani ya tope hadi kifuani na tope linatembea naye. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umezunguka mzizi, mwingine umeshika kifundo cha mkono wa yule msichana. Alikuwa anazungumza naye kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Shemeji!"

"Usije upande huo! Udongo umekatika chini. Zunguka kwa juu!"

Nimezunguka. Nimelala chini nikaushika mguu wa Shemeji, sijui nilidhani nitasaidia nini, lakini niliushika. Bi Kamba akafika na waongozaji wawili, kamba ya manila begani, ile ile tuliyoicheka. Wakaifunga kwenye mti, akashuka yeye mwenyewe kwa kuwa ndiye mwepesi, akampitishia msichana kwapani. Tukavuta. Tope lilimwachia kwa shingo upande, likabaki na buti moja. Msichana hana hata mchubuko. Shemeji ndiye hakuweza kunyanyuka. Bega lilikuwa limetoka mahali pake, na alikuwa ameushikilia mkono ule ule muda wote huo.

Mmoja wa waongozaji akaanza, "Asiyesikia la mkuu..." Bi Kamba akamkata kwa jicho. Alimsogelea Shemeji akachuchumaa.

"Kaka, umemwokoa. Na ndiwe uliyempeleka. Kuanzia leo hutaongoza mtu hadi mlima ufunguliwe."

Shemeji alitikisa kichwa kukubali.

Tukimsubiri mganga wa zahanati nilikaa naye kwenye benchi. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyapanga njia nzima. Akanitangulia.

"Nyumbani hakuna unga, shemeji."

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe? Ungenikata kwa huo ulimi kwanza, ndipo unipe."

Nilimfuta tope usoni kwa upindo wa gauni.

Jumapili, 14 Aprili

Kumbe pale dukani alikuwa amekwenda kukopa unga.

Nimempelekea mkewe unga wa mwezi mzima. Kisha nimepanda kuangalia Mkato. Kazi ya mwezi imekwenda na maji. Waongozaji wawili wameshasema wanaacha. Nimeliona jiwe la kwanza lililoshuka, nikaliviringisha likarudi juu. Lilikuwa jiwe moja tu, lakini sikutaka Jumapili ipite hivi hivi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mawe. Waliosema wanaacha wamerudi, wanajifanya walikuwa wanaumwa.

Jumamosi, 4 Mei

Leo Shemeji amepanda, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Hakuna aliyemkaribisha. Alikaa kwenye jiwe pembeni akatuangalia tukihangaika na ule mstari ambao kila tukiujenga unabomoka. Nilikuwa nimejiapiza nisimwambie chochote. Mwisho akashindwa mwenyewe.

"Maji hayapiti hapo."

"Yanapita wapi basi, mwenyekiti?" mmoja akamuuliza kwa kebehi.

"Yanaanzia kule kwenye mzizi, yanazunguka, yanatokea nyuma ya hilo jabali. Nilipofungua njia hii nililikata tuta lililokuwa linayageuza. Mnaziba mlango, dirisha mmeliacha."

Bi Kamba hakuuliza swali. Alichukua jembe akaenda kwenye mzizi, sote tukamfuata, tukalirudisha lile tuta. Jioni ikapiga mvua nzito, nami nimetoka na mwavuli kwenda kuangalia kama mtu aliyeacha mtoto nje. Mstari umesimama.

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji yuko kazini tangu asubuhi. Anachimba kwa mkono mmoja na kutukana kwa mdomo wote.

Ijumaa, 17 Mei

Nyasi zimeshika! Si mahali pamoja tu, Mkato wote, kuanzia chini hadi Shingo, kijani kama shamba la mtu mwenye bidii. Vijiti vimetoa majani. Nimekaa pale nikalia kidogo kwa ajili ya nyasi, na Shemeji akajifanya anafunga kamba ya kiatu ili asinione. Alikuwa amevaa ndala.

Bi Kamba anasema zikipata kiangazi kimoja bila kukanyagwa, mizizi itafungamana na hakuna mvua itakayouondoa udongo. Wageni watapita njia ya zamani, pale Shingoni watakatisha ncha ya Mkato kwa hatua chache ambazo nyasi zitazistahimili, na kilele chao watakipata. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimeanza kupaka mabuti mafuta.

Jumatano, 29 Mei

Nilikuwa mjini kupeleka sare za shule. Bi Kamba amekwenda makao makuu kumleta Mkaguzi. Shemeji na wenzake walikuwa upande wa pili wakimalizia mitaro ya njia ya zamani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu.

Narudi jioni nakutana na wanawake wa mtaa wanashuka mlimani, mafagio begani, nyuso zimejaa vumbi na furaha. Mama mkwe yuko mbele.

"Mwanangu, umekosa! Nenda ukauone mlima wako. Unang'aa!"

"Unang'aa vipi, mama?"

"Tumeufyeka, tumeufagia wote, toka chini hadi juu. Wakubwa wanakuja Jumamosi, ungewapokea kwenye majani kama nyumba iliyohamwa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni akikuta pori mlangoni, nani atapona?"

Nimepanda. Miguu ilijua kabla yangu. Mkato wote ni mwekundu, mtupu, umefagiwa vizuri hata mistari ya ufagio imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Vijiti vyetu vimeng'olewa na kufungwa mafungu ya kuni. Nyasi ziko kwenye lundo moja chini, zinafuka moshi. Mawe nayo yamesuguliwa.

Shemeji alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa katikati ya usafi ule, kiganja kimefunika macho.

Nimeshuka nikiwa na hasira ya kubomoa nyumba. Mama mkwe alikuwa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, viganja vyake vimevimba malengelenge. Hasira ikakosa pa kukaa. Kwake na kwangu pia, kiwanja kitupu ndiyo heshima. Msichana haolewi kama uwani kwake kuna jani. Miezi mitatu tumepanda na kushuka na majembe, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuwaeleza wanawake nyasi zile zina kazi gani. Tulidhani kila mtu anaona tunachoona.

"Mama, zile nyasi ndizo zilizokuwa zimeshika udongo."

Alitoa miguu kwenye beseni, akaifuta.

"Ungesema," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi, 30 Mei

Hakuna mvua. Bi Kamba amerudi, amepanda, ameshuka, amejifungia ofisini kwake.

Jumamosi, 1 Juni

Mkaguzi ni mtu mzima, mnene, mcheshi, amekuja na viatu vya ofisini. Nimemkodisha buti langu kubwa na likamtosha. Amelipa bila kubishana bei, nikampenda hapo hapo.

Tulipanda naye sote, wanawake na wanaume, kama msafara wa harusi. Alipofika Mkato alisimama, akavua kofia.

"Nimekagua milima mingi," alisema, "sijaona uliopigwa ufagio. Angalieni usafi huu! Watu wanaotunza hivi wakinyimwa kibali, nani atapewa?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe hakupiga.

"Mkuu," alisema Bi Kamba, "hapa palikuwa na nyasi. Zimekatwa juzi. Udongo uko wazi."

"Mvua si zimekatika? Zitaota."

"Zikikanyagwa hazitaota. Na hapo Shingoni kila anayekwenda kileleni lazima apite juu ya udongo huu huu."

Mkaguzi alikuna kidevu. Si mtu mbaya, na niseme ukweli, wala si mjinga. Aliangalia mteremko, akatuangalia sisi, viatu vyetu, mikono yetu.

"Binti, nakuelewa. Lakini hawa watu wamekaa masika yote bila riziki, na siwezi kuwanyima kiangazi kwa ajili ya majani. Sheria inataka kikundi chenyewe kiseme kama kiko tayari. Wakisema wako tayari, nasaini hapa hapa."

Akatoa kalamu. Akalaza karatasi juu ya mkoba wake.

Nilijua jibu. Nililijua kuliko wengi waliosimama pale, kwa kuwa nimebeba kila jiwe la Mkato ule. Na nilitaka asaini. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema. Nilikuwa nayaona mabuti yangu yote miguuni mwa watu, unga ndani, deni la muuza duka limefutika. Nikajiambia mvua ijayo iko mbali, na lolote linaweza kutokea kabla ya hapo. Mimi, mwenye ulimi usiolala, niliangalia vidole vyangu vya miguu nikakaa kimya.

"Mwenyekiti ni nani?" akauliza Mkaguzi.

"Mimi," akasema Shemeji. "Usisaini, mkuu."

Watu wakaguna. Mwongozaji mmoja akapaza sauti, "Wewe umefungiwa ndiyo maana unataka wote tufungiwe!"

"Mwacheni mwanangu aseme," akasema mama mkwe.

Shemeji alipita mbele, bega likiwa bado limeinama upande. "Njia hii niliikata mimi kwa panga langu, nikasifiwa. Naijua inavyokwenda. Ikikanyagwa kiangazi hiki, mvua ijayo haitasimama hapa, itashuka hadi kwenye nyumba zile mnazoziona. Mle kuna watoto wangu. Fungua njia ya zamani, mwisho Shingoni, na wageni wawe wachache. Kilele kiache mpaka udongo ushike."

"Kilele ndicho wanachokuja kukifuata," alisema Mkaguzi kwa upole. "Bila kilele watakuja wangapi? Mtakula nini?"

"Tutakula kidogo."

Mkaguzi alingoja mtu mwingine aseme. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka, umechelewa kama kawaida ya mwenye aibu. Nikasema wageni wa njia ndefu wanalala, wanakula, wanachana mikoba, na kwamba tulikuwa tunaishi nao zamani na tutaishi nao tena. Nilisema na mengine mengi, mpaka Bi Kamba akanigusa mkono.

Mkaguzi ameandika: njia ya zamani wazi, mwisho Shingoni, wageni kwa idadi maalumu kila siku, kila kundi na mwongozaji wake kwa zamu. Kilele kimefungwa hadi mvua zijazo zipite. Kikundi kimepewa kibali, chenye jina la Shemeji juu. Adhabu yake imekwisha, kwa kuwa sehemu ya mlima imefunguliwa.

Hakuna aliyepiga vigelegele.

Jumapili, 2 Juni

Nimemuuliza Shemeji alipata wapi ujasiri. Amesema hakuwa na ujasiri, alikuwa anasikia ule mkono wa msichana ukiteleza. Nimemwambia mimi nilitaka isainiwe. "Nilikuona," akasema. "Hata mimi nilitaka."

Nimekuwa nikimwita mwenyekiti wa kiti. Namheshimu mtu huyu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeuza jozi nne za mabuti kwa mafundi wa barabara. Mume wangu amenisaidia kuzibeba, hakutania.

Jumamosi, 8 Juni

Wageni wa kwanza wa njia ya zamani walikuwa mama mmoja na binti yake. Wameshuka jua linazama, wamelala kwa jirani yetu, wamekula kwa mama mkwe. Wawili tu. Ni mwanzo.

Kabla yao, asubuhi, lilikuja basi zima la watu wa ofisi, fulana zinazofanana, vibweta vya vinywaji, nyimbo. Walitaka kilele na warudi mchana. Shemeji aliwaeleza. Kiongozi wao, kijana mwenye miwani ya jua, akadhani ni mnada. Akataja bei. Akaipandisha. Akaipandisha tena, hadi mimi niliyekuwa mlangoni na mabuti nikaegemea ukuta. Ni pesa ambayo Shemeji hajawahi kuishika kwa siku moja, na nyumbani kwake unga umefika tena kwenye kona ya gunia.

"Hapana, ndugu yangu. Kilele kimefungwa."

"Nani kakifunga? Nipe namba yake nizungumze naye. Huyo afisa yuko wapi?"

Bi Kamba alikuwa palepale, amekaa kwenye kibao changu anafunga kamba za buti, na kijana hakumtambua kwa kuwa leo hakuvaa sare. Aliinua uso amtazame Shemeji. Kisha akarudi kwenye kamba zake.

"Afisa hayumo katika hili," alisema Shemeji. "Tumekifunga sisi."

Basi liligeuza, nyimbo na yote. Tulisimama hadi vumbi likatulia. Kisha tukachukua ndoo, kwa kuwa nyasi mpya tulizopanda juzi zinataka maji kila siku na mvua haipo. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Tulimkuta nusu ya mlima, ndoo kichwani, anapumua kwa shida na hataki kupokewa.